Safu ya Nne ya Bao la Hashil

Hashil ameshakufa, na maiti hasemwi vibaya. Basi Mungu anisamehe, maana mimi nitamsema.

Nilikuwa mpangaji wa dada yake, Bi Mauza, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, zama za Mwingereza. Nyumba ilikuwa yake mwenyewe. Marehemu mumewe alimpa hiba mbele ya mashahidi, kwa kuwa alimuuguza mpaka pumzi ya mwisho. Kila alfajiri Bi Mauza yuko uani anapika vitumbua, na wachukuzi wa sokoni wanasubiri mlango wa nyuma. Hana makuu, hana kelele, na huko kukosa kelele ndiko kulikomponza. Alipokuwa mwali, Hashil alimwuliza kama anamkubali yule mzee aliyekuja kuwa mumewe. Akanyamaza. Kimya cha mwali ni ridhaa, akaolewa, akaanza kuuguza.

Eda ilipokwisha wakaja wachumba watatu: Azzan mwenye duka la tende, mzee mmoja wa Ilala mwenye minazi, na Abbasi fundi cherehani. Unadhani Hashil alimwuliza dada yake? Thubutu! Alileta bao barazani. Kila mchumba akampa safu yake, kila sifa shimo lake: ukoo, mali, dini, tabia. Akajaza kete kadiri alivyomwona mtu. Halafu sifa zenyewe hazikuwa na uzito mmoja. Kete ya ukoo ilihesabiwa tatu, ya mali mbili, ya dini na ya tabia moja moja.

"Mwenye akili huchagua hivi," akajigamba. "Moyo hudanganya, bao halidanganyi."

Loo! Na uzito huo nani kaupanga? Si ni yeye mwenyewe! Azzan ni wa ukoo wao, tena kamwahidi ubia dukani. Shimo la tabia la Abbasi lilijaa mpaka kete zikadondoka, na bado akawa wa mwisho. Azzan akashinda, na Hashil akasema bila haya kwamba nyumba ile itafaa sana kuwa bohari ya tende. Damu ilinichemka.

"Bwana Hashil," nikamwambia, "mbona hukumwuliza mwenyewe?"

"Wewe mpangaji. Kaa kimya."

Wakati huo Bi Mauza alikuwa anatutilia kahawa. Alisikia yote. Aliweka birika chini, akaingia ndani bila neno.

"Mnaona?" Hashil akacheka. "Kanyamaza. Kakubali." Akapeleka jibu kwa Azzan siku hiyo hiyo. Mtumai cha nduguye hufa maskini, lakini yule hakujua.

Ijumaa baada ya sala Hashil, Azzan na jamaa zao wakaja na kanzu zao, na mwalimu wa kufungisha ndoa. Mwalimu akataka ridhaa ya bibi arusi.

"Ameshakubali," Hashil akajibu. "Alinyamaza."

"Astaghfirullah! Huyu si mwali, Hashil, huyu mjane. Kimya chake si kitu. Mjane husema kwa kinywa chake."

Mlango ukafunguliwa. Bi Mauza akatoka na buibui lake, bao mkononi, akalitua katikati ya mkeka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Hashil akajibu, jasho linamtoka.

"Bao lina safu nne. Wachumba watatu. Hii ya nne ya nani?"

"Haina mtu."

"Ina mtu. Ni mimi, na nyumba yangu, na vitumbua vyangu." Akazikomba kete zote, akazimimina kwenye safu ile mpaka zikatawanyika mkekani. "Umepima nani anioe, kaka. Hukupima kama nataka kuolewa. Mwalimu, sikubali. Umenisikia?"

"Nimekusikia, binti yangu."

"Hata huyo fundi?" Hashil akafoka.

"Hata fundi. Fundi hana kosa. Mwenye kosa wewe!"

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walisema. Azzan akavaa viatu vyake, watu wakamfuata. Bi Mauza akaokota bao akaingia nalo ndani.

Alfajiri Hashil akaja na uso umemvimba, akapita uani bila hodi.

"Nipe bao langu!"

Bi Mauza hakuinuka. Aligeuza kitumbua, akamwonyesha kwa mwiko chini ya chungu, kwenye mafiga. Safu mbili zilikuwa zimeshakuwa makaa, na mbili zilikuwa zinawaka.