Zinki Iliyopakwa Mafuta

Watu wa kwetu wakiona kitu kimepauka hawalali. Kiwe mtoto, kiwe kiatu, lazima kipakwe mafuta. Mimi tabia hiyo ilinipokonya darasa la fizikia.

Nilikuwa mwalimu kijana hapo Bukavu, na inspekta Mbelgiji alikuja kunitazama nikifundisha. Nikimridhisha, fizikia ingekuwa yangu. Nikishindwa, ningerudi kwa watoto wa a-e-i-o-u.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi. Juu ya chombo unaweka bati la zinki, unalitia umeme, na vijikaratasi viwili vya dhahabu vilivyo chini vinaachana. Ukiwasha utepe wa magnesi, mwanga wake unazirusha elektroni nje ya zinki na vijikaratasi vinarudiana. Lakini elektroni ikishapata nguvu ya mwanga haina muda. Mle ndani ya bati inagongana na nyingine, nguvu inageuka joto, basi, imekwisha. Zinazoponyoka ni zile za juujuu kabisa, na juu pale pasiwe na kitu. Ndiyo maana nilibeba bati nyumbani nikalisugua kwa msasa mpaka likawa la kijivu.

Mbele ya inspekta niliwasha utepe. Vijikaratasi havikutikisika. Nikawasha mwingine. Wapi! Inspekta akasema, kwa upole ulioniudhi kuliko matusi, kwamba fizikia bado ni mapema kwa watu wetu, nirudi kwenye kusoma na kuandika. Akapanda gari lake kwenda Walungu.

Nilipoliondoa bati, vidole vikateleza. Vazelini! Wakati huohuo mama yangu mdogo, niliyekuwa nikiishi kwake, akaingia na chakula changu.

“Maman mudogo, uligusa hii kitu?”

“Eh! Ilikuwa inapauka sana, nikaipakala mafuta kidogo. Ungeenda nayo vile mbele ya bazungu, bangesema hauna watu kwenu?”

Nilitaka kupiga kelele. Nikalisugua bati kwa jivu na maji, nikalikausha, nikalitia umeme, nikawasha kipande cha utepe kilichobaki. Vijikaratasi vikarudiana taratibu, kama vilivyotakiwa.

Maman mudogo akapiga makofi.

“Kumbe ni hivi tu?” akasema. “Sasa juu ya nini haukumuonyesha ule muzungu?”