Mizoga Chini ya Mzinga wa Wamuyu

Tangu wafuga nyuki wa Kanja walipokubaliana kuchagua kundi moja bora la nyuki, ligawanywe ili kila mwanachama apate mbegu, Hezekiah Mbogo hakuwa na raha. Heshima hiyo aliiona kuwa yake. Ni yeye aliyekwea miti pamoja na baba yake kutundika mizinga ya magogo, enzi ambazo mwanamke hakuthubutu kuisogelea. Siku hizi mizinga ni masanduku yanayoning'inia kwenye waya, kimo cha kiuno, na aliyetajwatajwa ni Wamuyu, mke wa mdogo wake, aliyeanza ufugaji juzijuzi tu. Tena mzee, kabla ya kufariki, alimwachia Wamuyu bomba lake la kufukizia nyuki moshi. Hezekiah aliambulia panga.

Kila asubuhi, akienda kukata majani ya ng'ombe, alichungulia mizinga ya shemeji yake. Siku moja akaona mizoga ya nyuki na mabuu yaliyokufa yametapakaa chini ya mlango wa mzinga. Nyuki mmoja alikuwa akiburuta maiti ya mwenzake, akaruka nayo kwa taabu, akaidondosha kwenye nyasi. Hezekiah alifurahi kiasi cha kujionea haya. Chini ya mzinga wake mwenyewe hapakuwa na hata bawa.

Kikundi kilipokutana, alisimama akazungumza kwa sauti ya msiba. Alisema hapendi kumsema mtu wa nyumbani, lakini mzinga ule ni mgonjwa, nao utawaambukiza wote.

Wamuyu akamtazama. "Shemeji, uliufungua, au uliupigia chabo tu?"

Watu wakacheka.

"Nilichokiona kinatosha."

"Basi tuifungue yote miwili. Tuanze na wako. Si wewe ndiye mkubwa?"

Wakaanza na wake. Kifuniko kilipoinuliwa, harufu ya uozo iliwarudisha watu nyuma. Mabuu yalikuwa yamekauka meusi ndani ya masega, na nondo walikuwa wametandaza utando wao kila upande. Chini kulikuwa safi kwa sababu hakuna nyuki aliyetoa chochote nje. Katika mzinga wa Wamuyu, nyuki wachanga walikuwa wakisugua vyumba walimozaliwa, wakubwa wao wakilisha mabuu, wengine wakitoa wafu, wengine wakilinda mlango. Kila mmoja alikuwa na zamu yake.

Kumbukumbu ilimjia Hezekiah ya baba yake akiinama chini ya mti, akiokota mizoga kama ile na kutabasamu, akisema kwamba hapo juu nyumba inafagiliwa. Alikuwa akilijua jambo hilo tangu utoto. Wivu ndio uliomsomesha kinyume.

Kundi la Wamuyu likachaguliwa. Masega ya Hezekiah yakachomwa, na kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki mikono mitupu, sanduku la kwanza la mbegu alipewa yeye. Wamuyu akamkabidhi na bomba la mzee.

"Utanirudishia, shemeji."

Sasa mizoga huanguka kila asubuhi chini ya mzinga wa Hezekiah, naye huwaita wapita njia waje waone usafi. Akiulizwa mbegu ameitoa wapi, hujibu kwamba hao ni nyuki wa baba. Bomba hajalirudisha. Wamuyu naye hajaliulizia, na hilo ndilo linalomkera Hezekiah.