Jaribio Lililoushika Mkono wa Joash

Namalwa akikasirika, mkono hutangulia mdomo. Alianza zamani kwao Webuye, alipomtoa kaka yake damu ya pua wakigombea baiskeli, na Nairobi haikumpoza. Mlevi mmoja wa mtaa wa Satellite alimshika matako nje ya butchari. Alikokotwa kwa ukosi wa shati hadi kwenye mtaro, akazamishwa humo, na Namalwa akarudi kuchukua nyama yake. Anayemwona Jumapili akiimba sauti ya pili kanisani huambiwa haya akacheka, akidhani ni uzushi.

Kazi yake ni kompyuta. Ameajiriwa na Mungai, mwenye karakana ya kuunda mashine za kukata majani ya ng'ombe, kwenye shamba alilorithi kwa babu yake hapo hapo Satellite. Wateja ni wafugaji wa Karen wanaotaka mashine ijiendeshe yenyewe, na Namalwa ndiye anayeifunza kujiendesha.

Kabla ya kuuzwa, kila mashine hupimwa. Kwenye kompyuta kuna programu kubwa inayosimamia majaribio, na kwa kila jaribio huzaa programu ndogo ya kuiendesha mashine. Wenye kazi hiyo huita kubwa mzazi, ndogo mtoto. Mtoto hupewa muda. Akizubaa hadi muda ukaisha, mzazi humwamuru akome, kisha huzaa mwingine wa jaribio linalofuata.

Sasa Mungai na subira hawajawahi kusalimiana. Mteja akiingia, yeye huivamia kompyuta na kubonyeza vitufe viwili vya kukatiza kazi, mashine inasimama mdomo umejaa majani, na ikiwashwa tena mota inaungua. Ilipoungua mota ya pili walitukanana hadi majirani wakatoka nje. Namalwa akaamua kuimaliza vita hiyo: mtoto akiamriwa akome, kwa vitufe vya Mungai au kwa muda kuisha, kwanza azungushe visu ateme majani yote, ndipo afe. Mota haikuungua tena, na Namalwa akatembea kifua mbele.

Lakini ile karakana ina akili yake ya siku nyingi. Huko hatari ni kelele. Grainda ya kusagia chuma ikilia unakaa kando, ikinyamaza unaishika. Joash, fundi wa kuchomelea kutoka Kakamega, ameishi kwa sheria hiyo miaka yote na vidole vyake vyote kumi vilikuwa mahali pake.

Asubuhi ile ya mvua walikuwa wanapima mashine kwa mabua mazito. Visu vikakwama. Mtoto akakaa kungoja vimalize mzunguko, mashine ikanyamaza kabisa, ila mota bado ilikuwa na moto wa umeme. Joash akasikia kimya, akaingiza mkono wa kulia kung'oa bua. Bua lilipotoka, rola za kuvutia majani ndani zikaruka mbele zikaubugia mkono hadi juu ya kifundo, zikakwama tena kwenye mfupa. Visu vikasimama juu ya ngozi.

Yowe lake lilimwangushia Namalwa kikombe cha chai mlangoni. Damu ilikuwa inachirizika kwenye chuma. Kivuva, fundi wa kupaka rangi, aling'oa waya ukutani. Haikusaidia kitu, kwa sababu stima ya Satellite ni ya kwenda na kurudi na mashine ina betri yake tumboni, chini ya bamba lililofungwa nati pande zote.

"Zimeni! Zimeni hii kitu inanimaliza!" Joash alilia.

Mungai alikuwa karibu na kompyuta. Vidole vyake vikaenda moja kwa moja kwenye vile vitufe.

Namalwa aliona yote kwa mara moja. Vitufe vile vingemwamuru mtoto akome, na mtoto, mtiifu alivyofunzwa, angezungusha visu kwanza.

"Boss, usiguse!"

Mungai hakugeuka. Namalwa akakimbia hadi kwenye kompyuta, akachukua spana akamtandika nayo mdomoni. Meno mawili yakaruka, na Mungai akaangukia rundo la vyuma.

Walioona waliona hivi: mtu analiwa na mashine, tajiri anajaribu kuizima, na mwanamke huyu anamvunja meno. Kivuva akamrukia nyuma akamkaba koo.

"Umerukwa na akili? Unataka Joash akufe?"

Namalwa akamng'ata mkono hadi akaonja damu. Kivuva hakumwachia. Kwenye kioo cha kompyuta muda wa jaribio ulikuwa unayoyoma, na ukiisha mzazi angetoa amri ile ile bila kidole cha mtu. Namalwa akimuua mtoto peke yake, mzazi angezaa mwingine, na kila mtoto huanza kazi kwa kuzungusha visu. Basi mzazi kwanza, kwa amri ya kuua papo hapo isiyompa nafasi ya kusema neno, halafu mtoto vivyo hivyo.

Mkono mmoja wa Namalwa ulikwaruza uso wa Kivuva, mwingine ukaandika. Macho yakaanza kuingia giza. Mzazi akafa, na muda ukafa naye. Akakosea namba ambayo kompyuta humtambua mtoto kwayo, akafuta, akaandika tena, akagonga. Mota ikakosa wa kuiamuru ikakata moto.

"Rola," alikoroma. "Rudisha rola nyuma kwa mkono!"

Ndipo Kivuva akaelewa. Akamtupa chini, akashika gurudumu la kuzungushia rola akalivuta kinyume kwa nguvu zake zote, Joash akipiga mayowe kila meno ya rola yalipomwachia. Mkono ukatoka ngozi imevuliwa kama soksi, mfupa wa kidole gumba ukionekana. Vidole vilikuwa vitano.

Namalwa akapiga magoti akaufunga kwa leso yake, akilia waziwazi.

"Ni mimi, Joash. Mimi ndiye niliiambia ikizimwa izunguke kwanza. Nilikuwa naokoa mota."

Joash akamzaba kofi kwa mkono wa kushoto.

Mungai ndiye aliyewaendesha hospitali, akitema damu dirishani, Namalwa nyuma ameuinua ule mkono juu usizidi kuvuja. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha.

"Kuanzia leo," Joash alisema, meno yakigongana, "hiyo kitu ikiambiwa isimame, isimame."

"Itasimama hapo hapo," Namalwa alisema.

Mazoea yana taabu. Mungai, mdomo umevimba, akauliza bila kugeuka, "Na mota ikiungua?"

Joash akaegemea mbele. Akaupitisha ule mkono wenye leso katikati ya viti, akamwekea begani.