Swali Nililoona Haya Kumuuliza Nahodha

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilikuwa na viatu vipya na kiburi kipya. Nilikuwa nimetoka kwetu Lalago, kwenye pamba na ng'ombe, nikasomea afya, nikapangiwa kazi bandarini huko pwani. Tulipanda kila meli iliyofika kabla mtu yeyote hajashuka. Meli ilisubiri majini na bendera ya njano juu, na ni sisi tuliosema ishushwe au ibaki.

Asubuhi hiyo mkubwa wangu, Mzee Athumani, aliniachia meli moja peke yangu, yeye akabaki kwenye boti yetu. Juu nikamkuta nahodha mgeni, mwenye mvi kama za babu yangu. Basi magoti yakajikunja yenyewe, kama tunavyowaamkia wazee asubuhi kwetu Usukumani, nusura niseme "Mwangaluka, baba." Maskini, alidhani naanguka, akanidaka mkono.

Fomu ilinitaka niulize kama kuna anayeharisha au kutapika. Sasa mtoto wa kike wa Kisukuma amuulize mzee habari za choo? Nikamuuliza habari za safari. Akasema nzuri. Nikajaza "hapana" kila mahali, nikashuka.

Mzee Athumani aliisoma fomu, akataka kujua nahodha alijibuje kuhusu kuharisha. Nikatazama viatu vyangu vipya. Hakunifokea. Alinyoosha kidole gatini, walikosubiri makuli na mama lishe wao.

"Binti, wale wote waugue kwa sababu wewe una haya? Rudi."

Nikapanda tena, na ngazi ilikuwa imerefuka. Niliuliza huku macho yangu yakiwa kwenye karatasi. Nahodha akashusha pumzi. Akasema mpishi wake alikuwa anaharisha tangu jana yake, na alikuwa ameshavaa shati la kwendea sokoni kununua mboga. Nikamuuliza mbona hakusema mwanzo.

"Hukuuliza," akanijibu, "nami niliona haya kumwambia msichana."

Bendera ikabaki juu. Mpishi akapelekwa kutibiwa, maji ya meli yakatiwa dawa, mabaharia wakapimwa mmoja mmoja. Kilikuwa kipindupindu, na hakikufika gatini. Jinsi nilivyofurahi! Mpishi alipopona aliniletea keki aliyooka mwenyewe. Mzee Athumani akanitania kwamba nimuulize kwanza kama alinawa mikono. Nikamuuliza kweli. Alikuwa amenawa, na keki ilikuwa tamu.

Kesho, mwanangu, unaanza kazi ya afya mwaloni Lamadi, pale ziwani wavuvi wanaposhusha samaki, na wenye mitumbwi wengi ni wazee wa rika langu. Wasalimie kwa heshima zote, kisha waulize wazi kuhusu matumbo yao. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi naongeza kwamba asiyeuliza anamsaidia kuficha. Kumheshimu mzee ni kutaka aendelee kuishi.

Nenda basi. Mungu akupe mikono misafi na mdomo usioogopa, na kila chombo utakachokipokea kishushe watu wenye afya. Nami nikija huko kununua samaki, nipigie magoti kama ulivyolelewa, halafu uniulize.