Nyeupe ya Kupimia

Kila Jumamosi, saa tatu asubuhi, mtaalamu wa maabara ya maji alisimama penye alama yake ya chaki mbele ya meza ya kanga ya Hajira, pale Kariakoo. Alipima mwanga kwa kofia nyeupe ya baba yake Hajira, fundi wa miavuli aliyeketi kando ya meza, ndipo akapiga picha ya wapita njia, mzee akiwemo pembeni, na kuandika daftarini kwa penseli. Filamu yake haikujua rangi. "Dokta, kanga zangu zote umezitia majivu," Hajira alizoea kumtania. "Rangi hunipotezea vipimo, bibie," hujibu yeye, bila kuinua macho.

Mzee alipokwisha kuzikwa, Hajira aliomba picha yake moja tu, kwa kuwa nyumbani hawakuwa nayo. Mtaalamu alileta bahasha, akazipanga picha arobaini juu ya meza kwa tarehe, ukingo kwa ukingo. Kofia iling'aa katika kila moja. Na kwa kuwa nyeupe ndiyo iliyopimwa, uso chini yake ulikuwa kiza kitupu. Hajira akaichungulia bahasha. Ilisalia moja, isiyo na nyeupe ya kupimia, ya siku ya joto mzee alipovua kofia afute jasho: makunyanzi, pengo, macho yanayocheka.

"Ndiye huyu. Mbona ulimficha?"

Mtaalamu aliitoa bahashani. Alimpa kwa mikono miwili, ila alichelewa kuiachia, maana kidole gumba chake kilikuwa kimefunika neno aliloliandika pembeni kwa penseli: kosa.