Unga Mweupe wa Vibati

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya themanini, nilikabidhiwa koti jeupe, rafu ya vibati vya chuma na onyo moja: visiguswe kwa mikono mitupu. Zaidi ya hapo hakuna aliyenieleza kitu. Maabara yetu ilikuwa Kisumu, karibu na ziwa, nami nilikuwa mtunza vifaa.

Vibati vilichovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, kisha vikatundikwa nje. Zinki ikipata unyevu huvuta hewa ya ukaa, ile tunayoitoa puani, na kibati huongezeka uzito. Tulitaka kujua kimenasa hewa kiasi gani. Mpimaji alikuwa Bwana Kamau, mtu wa Murang'a. Mizani yake ilihisi hata pumzi, kwa hivyo akipima hatukuthubutu kukohoa.

Ajabu ni kwamba vibati vilizidi kupungua. Mtafiti Mkuu alichanganyikiwa, mimi nikachanganyikiwa zaidi.

"Kamau, hii kitu inafaa kupanda. Mbona kwako inashuka tu?"

"Daktari, mimi naandika chenye naona. Mizani iko sawa."

"Basi ni wewe hauko sawa."

Akahamishiwa stoo huko Ahero. Wiki hiyohiyo nikaenda likizo kwetu Bondo. Niliporudi nilikuta vibati vimenenepa na Mtafiti Mkuu anatabasamu. Watu wakasema, kumbe ni Kamau. Hata mimi nilisema.

Kesho yake nikachukua kitambaa changu kama kawaida. Mpimaji mpya akapiga kelele.

"Aa, Mama Atieno! Unapanguza nini? Hiyo unga nyeupe ndiyo hewa yenyewe!"

Nyumbani kwetu sufuria ilisuguliwa kwa jivu mpaka ujione uso. Chuma chenye weupe kilikuwa aibu. Basi kila asubuhi, kabla Kamau hajafika, nilikuwa nimevisugua vibati vyote. Nilijibu, "Pole, sikujua," nikaficha kitambaa mfukoni. Mpimaji mpya alidhani ni mara yangu ya kwanza, nami nikamwacha adhani hivyo.

Mpaka leo sielewi bidii yangu iligeukaje kosa, wala kwa nini mdomo wangu ulifungika miaka yote ile. Nina haya.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Kamau alikuja na mfuko wa mchele wa Ahero. Akasimama mbele ya watu.

"Mimi nilitolewa hapa kwa makosa yenye hata leo sijui," alisema. "Lakini huyu mama alikuwa msafi! Kwa vibati vyake hungepata hata vumbi."

Wakapiga makofi. Nikaupokea mchele kwa mikono miwili, nikamwambia asante.