Mpini wa Mkaratusi

Wafanyakazi wa kaunsili ya mji wanakata matawi ya mkaratusi mbele ya nyumba yetu hapa Guildford. Mmoja ananiomba radhi kwa kelele. Nafunga dirisha kwa nguvu, lakini harufu imeshaingia.

Kwetu mashambani, kila Jumamosi ilikuwa salongo: kila nyumba itoe mtu na jembe lake, wakachimbe mtaro wa barabara ya komini, yaani tarafa yetu. Jumamosi ile mpini wa baba ulivunjika, akaenda kukata mwingine, mkaratusi mbichi. Tulipofika, yeye na mimi bintiye, wenzetu walikuwa wameshaanza.

Polisi wa komini alimnyang'anya ule mpini.

"Lala."

Baba akalala kifudifudi kwenye tope, mbele ya majirani. Kila pigo lilibandua gome, na harufu ikazidi. Mkubwa wa komini alikuwa kwenye kiti, anakunywa soda.

"Ongeza," akasema. "Huyu bado ana nguvu."

Baba alipoinuka aliuomba mpini wake kwa adabu. Akaufuta damu kwa majani, akaupachika kwenye jembe, akachimba kipande chake mpaka mwisho.

Njiani nikamuuliza kama mpini umepasuka.

"Hapana, mama," akaniambia. "Nilichagua mti mzuri."